Upinde na Nyimbo Tatu: Kazi ya Bard Ukicheza kutoka Mbeya

Katika gemu ninalolicheza mtandaoni, pambano likiisha, sifa zina foleni yake. Wa kwanza kusifiwa ni mwenye ngao aliyesimama usoni pa bosi, yaani adui mkubwa wa pambano, bila kuanguka. Anafuata mganga aliyemwinua mtu aliyebakiwa na uhai kiduchu. Kisha mpigaji mwenye upanga mkubwa, maana mapigo yake yana mwanga na kishindo na kila mtu aliyaona. Aliyekuwa nyuma na upinde, anapiga huku anakimbia na kuimba huku anapiga, hutajwa mara chache. Mimi ndiye huyo wa nyuma tangu 2020. Leo nataka kuieleza kazi yake kwa kirefu, kwa sababu naipenda, na kwa sababu naona haieleweki, wakati mwingine hata na wanaoicheza.

Gemu ni Final Fantasy XIV la kampuni ya Kijapani ya Square Enix. Lilitoka mara ya kwanza Septemba 2010, wachezaji wakalikataa, likafungwa, likajengwa upya chini ya Naoki Yoshida na kurudi Agosti 2013 kwa jina la A Realm Reborn. Kwenye mapambano makubwa mnaingia watu 8: ngao wawili, waganga wawili, wapigaji wanne. Hayo majina ya ngao, mganga na mpigaji ndiyo tunayoyatumia sisi tunaocheza huku Nyanda za Juu Kusini, na nitaendelea nayo. Bard ni mpigaji wa mbali ambaye pia anawasaidia wenzake. Anaanza akiwa mpiga upinde wa kawaida katika mji wa Gridania, mji uliojengwa ndani ya msitu, na akifika ngazi ya 30 ndipo anapofunguliwa nyimbo. Aliyewahi kupita Sao Hill kule Mufindi asubuhi ya Juni, miti ya paina pande zote na ukungu umekaa barabarani, akiingia Gridania hatajisikia mgeni.

Hadithi ya gemu inasema Bard wa kwanza walikuwa wapiga upinde wa vitani, walioimba mapigano yakiwa yamepamba moto ili kuwatia wenzao moyo. Mtu wa Iringa hilo halimshangazi. Wahehe wana ligombo, zeze la ubao uliochimbwa, nyuzi zikipita juu yake, na kwa zeze hilo watu wameimba habari za Mkwawa na vita vyake. Kwamba mwimbaji ana nafasi yake katika jeshi, huku kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa.

Gemu nililipataje? Agosti 2020 Square Enix walipanua jaribio la bure mpaka ngazi ya 60, bila kikomo cha siku. Oktoba 2023 wakalisogeza mpaka ngazi ya 70. Kwa kijana wa Mbeya huo ni ukarimu mkubwa: unapata hadithi yote mpaka ngazi hiyo, mapambano ya watu 8 na nyimbo zote tatu za Bard kabla hujalipa hata senti. Kinachouma ni bando. Mahitaji rasmi ya sasa ya gemu zima ni nafasi ya GB 140, na hakuna mwenye akili anayepakua mzigo huo kwa kifurushi cha simu. Mimi gemu lilinifikia kwenye hadidiski, rafiki aliyekuwa akisoma Iringa akalikabidhi ofisi ya mizigo ya basi, likapita Mafinga, Makambako na Igawa mpaka stendi hapa mjini. Yaliyobaki yalikuwa masahihisho ya kupakua usiku.

Sasa nyimbo.

The Wanderer's Minuet huwaongezea wote kikosini asilimia 2 ya uwezekano wa kupata pigo kali. Mage's Ballad huongeza nguvu ya kila pigo lao kwa asilimia 1. Army's Paeon huongeza kwa asilimia 3 uwezekano wa pigo kuingia sawasawa, yaani kuuma zaidi ya kawaida. Kila wimbo hudumu sekunde 45, na tangu unapouanza mpaka uweze kuuimba tena ni sekunde 120. Piga hesabu mwenyewe: tatu mara 45 ni 135, na 135 inazidi 120. Ukiuacha kila wimbo uishe kwa raha zake, Minuet itakuwa imeshapoa na inakusubiri, na kila mzunguko utazidi kuchelewa. Kwa hiyo Bard anayejua kazi hukata Paeon njiani ili Minuet irudi saa yake.

Kwa nini Minuet ndiyo ipewe heshima hiyo? Kwa sababu kila dakika mbili kikosi kizima kinamwaga. Silaha kubwa za karibu kila kazi katika gemu hili zimepangwa kupoa kwa sekunde 120 au 60, hivyo dakika mbili zikitimia wote wanazo mkononi kwa pamoja, na zikitoka kwa pamoja zinazidishana. Hapo ndipo Bard anaachia Battle Voice, inayowapa wote asilimia 20 zaidi ya mapigo kuingia sawasawa, na Radiant Finale, ambayo nguvu yake inategemea nyimbo ulizoimba tangu mara ya mwisho. Ukiwa umeimba mmoja tu, kama inavyokuwa mwanzoni mwa pambano, inatoa asilimia 2. Ukiwa umeimba zote tatu, inatoa 6. Naupenda sana utaratibu huo. Gemu linakulipa kwa kazi uliyoifanya dakika mbili nzima bila mtu kuiona.

Na kila wimbo una mikono yake. Kila sekunde 3 kuna asilimia 80 ya wimbo kukupa kitu. Katika Minuet unarundikiwa mpaka mara tatu, kisha unaachia Pitch Perfect, mshale mmoja mzito. Kazi yako hapo ni kuhesabu na kutouachia mapema. Katika Ballad kitu hicho kinapunguza sekunde 7.5 za kupoa kwa mshale wako wa haraka, kwa hiyo unapiga bila kupumzika na vidole vinachoka. Katika Paeon kasi yako inapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 16, na pigo la kila sekunde 2.5 linakuwa la kila sekunde 2.1. Mtu akinitazama kwa nyuma anaweza kujua ni wimbo gani unaendelea bila kutazama skrini, kwa kusikiliza kibodi tu.

Halafu kuna sumu. Bard hupaka sumu mbili, Caustic Bite na Stormbite, kila moja ya sekunde 45, na mshale wa Iron Jaws huzifufua zote mbili kwa mpigo. Siri iliyomo ni kwamba sumu hubeba nyongeza zilizokuwepo wakati ilipopakwa. Kwa hiyo wenzako wakiwa wamemwaga nyongeza zao zote, na zako zikiwa bado hai, unapiga Iron Jaws katika sekunde ya mwisho mwisho, na sumu hiyo inaendelea kuuma kwa nguvu ya kikosi kizima muda mrefu baada ya kila mtu kurudi kwenye mapigo ya kawaida. Hilo ni jambo dogo lenye utamu wa ajabu. Linakulazimisha ujue nyongeza za wenzako zinaisha lini, siyo zako peke yako.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno langu kubwa. Wengi wanafikiri kusaidia katika gemu ni kuitika: mtu anaumia, unampa dawa, mtu ananaswa, unamnasua. Kwa Bard msaada unaotolewa baada ya kuonekana unahitajika umeshachelewa. Lazima utoke kabla.

Chukua Troubadour. Ni kinga ya kikosi kizima, ngazi za juu inapunguza maumivu kwa asilimia 15, inadumu sekunde 15. Katika gemu hili bosi akianza kusoma pigo lake, mstari unajaa kwenye skrini, na kwa mapigo mengi hukumu inakatwa mstari ule unapojaa. Moto unaouona ukishuka baadaye ni picha tu. Uhai wako ulishahesabiwa. Anayebonyeza Troubadour alipoona moto amebonyeza bure. Anayebonyeza mstari unapoanza kujaa amefanya kazi. Na anayejua, kabla hata ya mstari, kwamba baada ya pigo hili linafuata lile, huyo ndiye Bard. Ongeza hapo kwamba Troubadour haijumlishwi na kinga za wapigaji wenzake wa mbali, Tactician ya Machinist na Shield Samba ya Dancer. Mkiwa wawili wa aina hiyo lazima mgawane mapema nani anakinga pigo lipi.

Sasa weka Mbeya juu ya hesabu hiyo. Seva za Ulaya za gemu hili ziko Frankfurt, Ujerumani. Kidole changu kikigusa kitufe hapa, habari inashuka kwa nyuzi mpaka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, inaingia baharini, inazunguka bara, inapanda Ulaya, halafu jibu linarudi njia hiyo hiyo. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na hata kwa mwendo huo safari ya kwenda na kurudi inakula muda. Kwangu pingi, yaani muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi, inacheza karibu na milisekunde 200 mtandao ukiwa mzuri. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilipokatika kwa pamoja, haikuwa inacheza popote. Gemu liliganda, na tuliokuwa na mazoea ya kukutana usiku tulibaki kutumiana meseji za kawaida, tena zikifika kwa kusuasua.

Milisekunde 200 zina maana gani kwa mpiga upinde? Katikati ya mshale na mshale, Bard huchomeka vitu vidogo: wimbo, kinga, mshale wa pembeni. Kila kimoja kinaufunga mkono wako kwa zaidi ya nusu sekunde, na umbali wa seva unaongezea juu yake. Mchezaji wa Frankfurt huchomeka viwili katikati ya mishale bila wasiwasi. Sisi viwili vinaingia kwa kubanana, na Paeon ikifikia kasi yake ya mwisho kinaingia kimoja tu. Ukilazimisha cha pili, mshale unaofuata unachelewa, na ucheleweshaji mdogo mdogo katika pambano la dakika kumi ni mishale mingi iliyopotea. Kwa hiyo Bard wa huku anapanga: vitu vya kuchomekwa vingi anavipeleka kwenye Minuet na Ballad, Paeon anaiacha iwe ya mishale. Hakuna mwongozo wa Ulaya ulioniambia hivyo. Ni jambo la kulisikia mkononi.

Na nasema kwa moyo wote kwamba umbali huu umetufundisha kitu. Anayecheza mlango wa pili na seva anaweza kuishi kwa wepesi wa vidole. Anayecheza kutoka Mbeya, Iringa au Njombe hana wepesi huo wa kutegemea, hivyo analijua pambano kwa kichwa.

Mfano ambao siusahau ni wa Kefka, bosi wa Sigmascape, katika mapambano ya Omega yaliyokuja na Stormblood, toleo la nyongeza la gemu hili. Kefka ni mchekeshaji mwenye roho mbaya. Baadhi ya mapigo yake anayatoa kwa kweli na mengine kwa uongo, na alama ya kuuliza ndiyo inayokuambia kwamba unachokiona kigeuze. Usiku huo moto wa alama ya kuuliza ulimchukua mganga wetu mmoja. Alibaki dada mmoja wa Njombe, mganga mtulivu kuliko wote ninaowajua, na tayari alikuwa ameanza kumfufua mwenzake. Nilijua kinachofuata ni Ultima Upsurge, pigo la wote. Yeye alikuwa na mikono miwili tu na zote zilikuwa kazini. Nikaachia Troubadour mstari wa Kefka ulipochomoza, kisha Nature's Minne, ambayo huongeza kwa asilimia 15 dawa inayowaingia walio karibu nawe. Tukashuka wote mpaka karibu na chini, hakuna aliyeanguka, na dawa yake ya kwanza baada ya hapo ilituinua vizuri kuliko kawaida.

Baadaye, tukiwa tumeketi, akasema kwenye maiki, "Kaka, pale nilishasema kwaherini."

"Dada, nilikuona unafufua. Nikajua huna mkono."

"Ndiyo maana nakwambia asante. Wengine huwa hawaoni mganga anafanya nini."

Kauli hiyo niliithamini kuliko namba yoyote. Bard mzuri anaijua kazi ya mganga, anazijua kinga za ngao, anajua mwenye upanga amebakiza nini, kwa sababu nguvu zake mwenyewe ziko mikononi mwao. Ndiyo sababu nikipata mtu anayetaka kujifunza Bard namwambia acheze mganga kwanza, angalau mpaka ngazi ya 30, na ngao kidogo. Akirudi kwenye upinde atakuwa anatazama vitu vingine kabisa.

Kuna visaidizi vingine ambavyo nitavipita haraka. Warden's Paean humwondolea mtu dhara moja, au huizuia kabla haijamwingia. Head Graze hukata maneno ya adui anayesoma uchawi unaokatika, na mara nyingi ni wewe wa mbali unayetegemewa kulifanya. Peloton huwafanya wote wakimbie haraka wakiwa nje ya pambano. Haishindi bosi yeyote, ila kikosi kinachokimbilia pambano linalofuata kwa furaha hupigana kwa furaha.

Wachezaji wa zamani wana kumbukumbu ya Bard wa aina nyingine, na kwenye hilo nina msimamo. Katika miaka ya A Realm Reborn, Ballad iliwarudishia wenzako nguvu za uchawi, Paeon iliwarudishia pumzi za kupigania, na kuimba kulikugharimu: nguvu zako mwenyewe za uchawi zilikauka na mishale yako ilidhoofika wimbo ukiendelea. Ulikuwa uamuzi. Mganga amekauka, je, nimwimbie na kupoteza mapigo, au nipige tumalize haraka? Toleo la nyongeza la Heavensward lilipokuja 2015, Wanderer's Minuet ya wakati huo ilimlazimisha Bard asimame na kuvuta upinde kwa muda kama mchawi anayesoma, na wapiga upinde wengi walilalamika kwa haki, maana uhuru wa kupiga huku unatembea ndio uhai wa kazi hii. Stormblood ya 2017 ikauondoa mzigo huo. Shadowbringers ya 2019 ikafuta kabisa zile pumzi za kupigania, na tangu hapo nyimbo ni asilimia ndogo zinazofanya kazi zenyewe.

Bard wa sasa ni mtamu zaidi mkononi, hilo sina ubishi nalo. Lakini naona kuna kitu kimepotea pale ambapo wimbo hauombwi tena na mtu. Nikisikia wazee wa gemu wakisimulia jinsi mganga alivyoandika "Ballad tafadhali" na Bard akaacha kila kitu kumwimbia, ninatamani wabunifu wairudishe angalau wimbo mmoja wa namna hiyo, wenye gharama na wenye uamuzi. Msaada usiokugharimu chochote hauna ladha ile.

Niseme na juu ya namba, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Bard akipimwa kwa mapigo yake peke yake atakuwa chini ya wenye upanga, na amewekwa chini makusudi: anatembea huku anapiga, hasomi uchawi, hahitaji kumsogelea bosi, na kwa uhuru huo wabunifu wanampunguzia nguvu. Mara nyingi ndiye anayetumwa kukimbiza pigo la mbali ili wengine wabaki walipo. Nguvu zake nyingine zote ziko ndani ya namba za watu wengine. Tazama Battle Voice: pigo lililoingia sawasawa huzidi pigo la kawaida kwa asilimia 25, na wewe umeongeza uwezekano wake kwa asilimia 20. Robo ya asilimia 20 ni 5. Umewapa wenzako saba karibu asilimia 5 kila mmoja, sekunde zile zile wanazomwaga silaha zao kubwa, na hakuna hata tone la hiyo linaloandikwa jina lako. Wapo wanaochambua mapambano kwa njia ya kumrudishia mtoa nyongeza sehemu yake, na hesabu hiyo ni ya haki zaidi, ingawa kanuni za gemu haziruhusu programu za nje za kupima. Mimi napima kwa kitu kingine. Bosi aliyekuwa anatushinda kwa sekunde chache kabla ya muda kuisha, sasa anaanguka muda ukiwa bado upo. Nani alipiga kwa wingi, hilo halinisumbui.

Mtu akiniuliza kwa nini nisichukue Dancer, aliyekuja 2019 na ambaye naye ni mpigaji wa mbali mwenye nyongeza, jibu langu ni fupi. Dancer anachagua mwenzi mmoja na kumpa vinono vyake. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Mimi napenda wimbo unaomfikia kila aliye karibu, aliyekosea na aliyepatia, bila kuchagua.

Kikosi chetu cha huku si cha watu 8. Hujazwa na Waingereza, Wapolandi na yeyote anayepatikana. Wa nyumbani ni wachache: dada wa Njombe, jamaa wa Makambako ambaye ni ngao na anatusalimu "Kamwene!" hata kwa Wazungu, mpaka baadhi yao wameanza kuitikia, na mdogo wangu ambaye bado yuko kwenye jaribio la bure, kwa hiyo hawezi kuanzisha kikosi na inabidi sisi ndio tumwalike. Wenzetu wa Poland wakisema tukutane saa mbili ya usiku wao, kwetu ni saa tatu au saa nne, kutegemea kama wamesogeza saa zao kwa majira. Wiki ya gemu inaanza upya Jumanne saa tano asubuhi kwa saa zetu, wakati watu wazima wako kazini, na usiku wake ndio tunaoulinda kuliko usiku wowote. Ikiwa Julai, mablanketi yanakuwa mabegani na kikombe cha chai kinashikwa kati ya pambano na pambano ili vidole visife ganzi.

Mama yangu, mtu wa Tukuyu, alipita usiku mmoja akanisikia nikihesabu kwenye maiki, "Ngojeni, ngojeni, sasa mwageni!" Akasimama.

"Mnamwaga nini saa hizi, mwanangu?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza: tuko wanane, kuna nyimbo, kila dakika mbili lazima wote waingie pamoja, na mimi ndiye ninayewapa saa.

Akafikiri. "Kwa hiyo wewe ni kama anayeanzisha pambio."

Nikamwambia ndiyo mama, ni hivyo hasa. Mwenye sauti nzuri kanisani anaweza kuwa mwingine, lakini pambio likianzishwa juu mno au likichelewa, watu wote wanateseka mpaka ubeti wa mwisho. Akaenda kulala akiwa ameielewa kazi yangu kuliko baadhi ya wachezaji niliopigana nao.

Limebaki moja, na ndilo linalonishughulisha siku hizi. Mwishoni mwa 2017 gemu lilimpa Bard uwezo wa kupiga muziki kwelikweli: unafungua kinubi, vitufe vya kibodi vinakuwa noti, oktavu tatu, na waliosimama karibu nawe wanasikia unachopiga. Vyombo vingine vikaongezwa baadaye, filimbi, zumari, ngoma, fidla, na kukawa na utaratibu wa watu mpaka 8 kupiga pamoja, gemu likiwasawazishia ucheleweshaji wa mtandao ili wote wasikike kwa wakati mmoja. Hapo mtu wa Mbeya na mtu wa London wanalingana kabisa. Kila nikiingia kwenye uwanja wa Limsa Lominsa, mji wa bandari ndani ya gemu, nakuta vikundi vinapiga, wasikilizaji wameketi chini, na sijasikia hata mara moja muziki wa kwetu.

Kwa hiyo tumeanza kuutafuta. Ligombo lina mvumo wa chini unaojirudia na kukatikakatika, mwimbaji akizungumza juu yake zaidi ya kuimba, na kinubi cha gemu ni kisafi mno kwa kazi hiyo. Tumejaribu kinubi kikishika mzunguko na gitaa la gemu likigonga chini yake, na limeanza kukaribia. Jamaa wa Makambako amechukua ngoma. Dada wa Njombe anataka filimbi iingie mahali pa sauti ya mwimbaji. Mimi naona maneno yaandikwe kwenye maongezi ya gemu, mstari kwa mstari, kwa Kihehe na kwa Kiswahili, muziki ukiendelea. Hatujakubaliana bado. Mazoezi ni Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, na mdogo wangu ameombwa aje ngazi ya 30 ikiwa tayari.